Masikio hayapiti kichwa: jinsi tunavyousikia mlio mdogo ndani ya kelele

Kuna lawama moja ambayo wazee wetu wa Pwani wameibeba kwa miaka mingi, nayo ni hii: "Babu husikia anachotaka kusikia." Watu husema hivyo kwa sababu wamejionea. Usiku wa manane, nyumba ikiwa kimya, babu husikia mlango wa uani ukisukumwa na huuliza ni nani. Kesho yake jioni, barazani, watu sita wakizungumza kwa pamoja na pikipiki zikipita, mjukuu humwita mara tatu naye haitiki. Mjukuu huondoka amenuna. Mzee hubaki amehukumiwa bila ya kusikizwa: ana kiburi, au akili imeanza kumruka, au hataki tu.

Leo nataka kumtetea mzee huyo, na sitamtetea kwa huruma bali kwa elimu. Wataalamu wa usikivu wamelifanyia kazi suala hili kwa zaidi ya miaka 80, na jawabu lao ni wazi: kusikia penye kimya na kusikia penye kelele ni kazi mbili tofauti. Mtu aweza kuifaulu ya kwanza na akaanguka katika ya pili. Na hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu haifanywi na sikio peke yake.

Wahenga walisema masikio hayapiti kichwa. Wao walikuwa wakimkumbusha mtoto kwamba hawezi kumzidi mzazi wake. Lakini ukiyachukua maneno hayo kama yalivyo, utaona yanafaa sana katika mada yetu. Sikio hupokea, kichwa ndicho kinachosikia.

Sikio hupanga sauti mafungu mafungu

Tuanze na kazi ya sikio lenyewe. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ikiingia sikioni hukitikisa kiwambo, kiwambo hutikisa vifupa vitatu vidogo sana, na vifupa hivyo husukuma maji yaliyomo ndani ya koklea. Koklea ni mfereji uliojisokota kama kome wa pwani, mizunguko kama miwili na nusu. Ukiunyoosha, urefu wake ni kama milimita 35 tu.

Ndani ya mfereji huo umetandazwa utando, na juu ya utando kuna seli zenye vinywele. Kila sikio lina seli kama 15,000 za aina hiyo. Katika hizo, kama 3,500 ndizo zinazopeleka habari nyingi kwenye ubongo, na zilizobaki kazi yake kubwa ni kuupa nguvu mtikisiko mdogo na kuunoa ili usichanganyike na mwingine. Seli hizi zikifa hazioti tena. Hilo tulishike, tutalirudia.

Utando huo hautikisiki wote kwa namna moja. Sauti nyembamba, kama ya ndege au firimbi, hutikisa sehemu ya mwanzo karibu na mlango. Sauti nene, kama ya ngoma kubwa, hutikisa sehemu ya mwisho kule ndani. Za kati hukaa katikati. Kwa hivyo koklea hufanya kama mchuuzi wa samaki anapopokea kapu lililochanganyika: changu fungu lao, tasi fungu lao, kolekole fungu lao. Kila fungu la sauti lina njia yake ya kwenda kwenye ubongo.

Mtu aliyeupima upangaji huu kwa njia iliyokuja kuwa maarufu ni Harvey Fletcher, mwanafizikia wa maabara za Bell huko Marekani. Mwaka 1940 alieleza jaribio jepesi kulifahamu. Msikilizaji hupewa mlio mmoja mdogo, safi. Kisha huwekewa kelele inayouzunguka mlio huo, yaani kelele yenye sauti zilizokaribiana nao kwa unene na wembamba. Kelele hiyo hupanuliwa kidogo kidogo, kwa kuongezwa sauti nene zaidi upande mmoja na nyembamba zaidi upande wa pili.

Mwanzoni, kila kelele inapopanuliwa, mlio huzidi kuwa mgumu kusikika. Lakini ukifika upana fulani, mambo husimama. Ongeza kelele utakavyo nje ya upana huo, mlio hauzidi kuzama. Fletcher alifahamu kwamba sikio huutafuta mlio kupitia kama dirisha. Kelele inayoingia dirishani ndiyo inayoudhi, na ile iliyo nje ya dirisha haina neno. Kwa mlio wa hezi 1,000, vipimo vilivyokuja baadaye vinaonyesha kuwa dirisha hilo lina upana wa kama hezi 130.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni: tafuta dirisha la mlio, pima kelele iliyomo ndani yake, utajua kama mtu atausikia au hatausikia. Ni kanuni nzuri, lakini ilikuwa na upungufu mmoja.

Kelele ya dunia haitulii

Kelele iliyotumika katika majaribio kama hayo ilikuwa imetulia, mvumo mmoja usiopanda wala kushuka. Nani katika sisi anaishi ndani ya kelele ya namna hiyo? Upepo wa kusi huja kwa vishindo, ukavuma na ukalegea. Wimbi hupiga, likarudi. Mvua juu ya mabati huzidi na kupungua. Mtu akizungumza sauti yake hupanda na kushuka mara kadhaa kwa kila sekunde, kwa sababu maneno yana silabi na kati ya silabi mna mapengo. Kelele ya dunia ina vilima na mabonde.

Mwaka 1950, George Miller na J. C. R. Licklider wa Marekani walionyesha jinsi mabonde hayo yalivyo na thamani. Waliichukua kelele wakaikatakata, iwe inawaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde, na wakawasomea watu maneno ndani yake. Kelele ilipokatika kama mara 10 kwa sekunde, wasikilizaji walishika maneno mengi mno kuliko walipowekewa kelele isiyokatika. Walikuwa wakiiba vipande vya maneno katika mapengo, na kichwa kikiviunga vikawa neno zima. Wataalamu huita hivi kusikiliza mabondeni.

Jambo la kushangaza zaidi lilikuja mwaka 1984. Joseph Hall, Mark Haggard na Mariano Fernandes walilirudia jaribio la Fletcher, lakini kwa kelele ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kelele ya kawaida. Ya pili waliifanya ipande na kushuka polepole, na wakahakikisha kwamba sauti zake zote, nene kwa nyembamba, zinapanda pamoja na kushuka pamoja.

Kwa kelele ya kawaida walipata yale yale ya Fletcher. Kwa kelele ya pili walipata kinyume. Walipoipanua ikavuka lile dirisha, mlio ulianza kusikika kwa wepesi zaidi. Yaani waliongeza kelele, na usikivu ukapanda badala ya kushuka. Katika majaribio ya namna hii faida yaweza kufika kama desibeli 10. Kwa asiyezoea kipimo hiki, maana yake ni kwamba mlio wenye nguvu moja ya kumi tu ya ule wa kwanza bado utasikika.

Kama sikio lingekuwa linachungulia dirisha moja tu, jambo hili lisingewezekana. Kelele iliyo nje ya dirisha ingekuwa haina faida wala hasara. Kumbe kichwa kinayatazama madirisha yote kwa pamoja na kuyalinganisha.

Ngalawa kumi zilizofungwa pwani

Mfano tunao hapa kwetu. Chukua ngalawa kumi zilizofungwa nanga karibu karibu, usiku. Wimbi likija, zote kumi huinuka. Wimbi likipita, zote kumi hushuka. Sasa tuseme chini ya moja yao kuna jiwe au rundo la mchanga. Wimbi likiwa juu, hutaona tofauti yoyote, maana zote zinaelea sawasawa. Lakini wimbi likishuka, tisa zitashuka nalo na moja itabaki imeshikiliwa juu. Hujaliona lile jiwe. Umeiona ngalawa isiyofuata wenzake, na hiyo imekutosha kujua kuna kitu chini yake.

Hivyo ndivyo kichwa kinavyofanya. Ngalawa ni yale madirisha ya sauti. Wimbi ni kelele inayopanda na kushuka kote kwa pamoja. Mlio mdogo ndio lile jiwe. Kelele ikiwa juu, mlio umefunikwa. Kelele ikishuka, madirisha yote hunyamaza isipokuwa lile lenye mlio. Kadiri madirisha yanayoshuka pamoja yanavyokuwa mengi, ndivyo lile moja lisiloshuka linavyojitokeza. Ngalawa mbili zingekutia shaka ni ipi iliyokwama, lakini tisa dhidi ya moja hazikuachi na shaka.

Tangu mwaka ule wataalamu wameipima hali hii kwa namna nyingi, na mambo matatu yafaa tuyajue.

La kwanza ni mwendo wa wimbi. Kelele ikipanda na kushuka polepole, faida ni kubwa. Ikienda mbio sana, mabonde huwa mafupi mno na faida hupungua. Sikio, kama jicho lililotoka kwenye mwangaza mkali, huhitaji muda mfupi wa kupoa baada ya kishindo kabla ya kuweza kusikia kitu kidogo.

La pili ni kwamba kelele ya kusaidia yaweza kuwekwa katika sikio la pili kabisa, mlio ukabaki katika sikio la kwanza, na bado faida ikapatikana, ingawa kwa kiasi kidogo. Masikio mawili hayana njia ya kukutana ila ndani ya kichwa. Basi ulinganishaji huu, kwa sehemu yake, hauwezi kufanyika sikioni. Ipo sehemu nyingine ya faida ambayo hupatikana ndani ya dirisha moja bila ya kulinganisha, lakini hiyo haielezi yote.

La tatu ni kwamba kichwa huuliza kwanza ni nini kinatokana na nini. Ile kelele ya pembeni ikianza mapema, kabla ya kelele iliyo juu ya mlio, kichwa huihesabu kuwa ni kitu kingine kisichohusika, na faida hupungua. Vitu vinavyoanza pamoja, vikapanda pamoja na kushuka pamoja, kichwa huviunga kuwa ni kitu kimoja na kukisukuma kando. Ndipo kinapobaki kile kisichofuata kundi.

Wala si wanadamu peke yao. Huko Ujerumani, mwaka 1995, Georg Klump na Ulrike Langemann walichapisha majaribio waliyowafanyia ndege aina ya kwezi wa Ulaya, na ndege hao nao wakaonyesha faida hiyo hiyo. Inaingia akilini. Ndege au mnyama anayeishi ndani ya upepo na majani yanayotikisika, asipoweza kuusikia mlio mdogo katika pengo la upepo, hamsikii mwenzake wala hamsikii adui anayemnyatia. Kipawa hiki ni cha kale sana.

Juu ya hayo, kichwa kina masikio mawili ya kulinganisha. Sauti inayotoka upande wa kulia hufika sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti iliyo chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kichwa hutumia tofauti hiyo ndogo kujua nani yuko wapi. Mwaka 1948, Ira Hirsh na Licklider, kila mmoja kwa kazi yake, walionyesha kwamba mlio au usemi ukifika masikio mawili kwa namna tofauti na kelele, husikika kwa wepesi zaidi. Kwa milio minene faida yaweza kufika kama desibeli 15. Ndiyo maana mtu aliyepoteza sikio moja tu huwa salama chumbani lakini hutaabika sana harusini.

Kwa nini mzee hukwama

Sasa turudi kwa yule aliyehukumiwa. Kwa umri, kwa kazi za kelele au kwa maradhi, seli zenye vinywele hupungua, na zinazotangulia kuondoka kwa kawaida ni zile za mlangoni, za sauti nyembamba. Hapo mambo manne hutokea kwa pamoja.

Kwanza, madirisha hupanuka. Zile seli za kunoa zikifa, kila dirisha huanza kuingiza sauti za jirani. Samaki waliokuwa wamepangwa mafungu hurudi kapuni. Mlio na kelele ambavyo zamani vilikwenda njia mbili sasa hupita njia moja.

Pili, mabonde ya kelele hujaa giza. Kelele ikishuka, kilichobaki bondeni ni sauti ndogo, na sauti ndogo ndiyo hasa asiyoweza tena kuisikia. Pengo lipo, lakini kwake halina kitu.

Tatu, sikio hukawia kupoa. Kishindo kikipita, bonde hufunguka na kufungika kabla sikio halijawa tayari.

Nne ni maneno yenyewe. Irabu zetu, a, e, i, o, u, zina nguvu na ni nene kidogo. Konsonanti kama s, f, t, k na sh ni dhaifu na nyingi katika hizo ni nyembamba. Mzee hupata irabu, akapoteza konsonanti. Sasa jaribu "pata", "kata", "taka" na "saka" ukiziondoa konsonanti zake. Zote zinabaki "a-a". Ndiyo sababu hujibu swali ambalo hukuliuliza, na watoto wakacheka.

Hapa kuna kipimo kinachostahili kuwekwa kwenye kila baraza. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi, Joost Festen na Reinier Plomp, waliwalinganisha watu wenye usikivu mzima na wenye usikivu uliopungua. Wenye usikivu mzima, walipotolewa kwenye kelele tulivu na kuwekwa kwenye kelele ya kupanda na kushuka au sauti ya mtu mwingine, walipata nafuu ya desibeli 4 hadi 8. Wale wenye usikivu uliopungua hawakupata nafuu ya maana. Kwao kelele ni kelele, iwe na mabonde au isiwe nayo. Sisi twasikia baraza lililojaa mapengo ya kupenyeza maneno, na mzee aliye ubavuni mwetu yuasikia ukuta.

Hili ndilo linaloeleza ule mlango wa usiku. Nyumba ilikuwa kimya, hapakuwa na kelele ya kushindana nayo, wala mlango hauna konsonanti. Babu hakuchagua cha kusikia. Alisikia kilichosikika.

Na hapo pia ndipo unapotoka ule ugomvi mwingine: "Sema kwa sauti!" Ukisema kwa sauti: "Mbona wanipigia kelele?" Sikio lililopoteza seli haliisikii sauti ndogo kabisa, lakini sauti kubwa hulifika kwa ukubwa wake ule ule. Nafasi iliyobaki kati ya "sikusikii" na "waniumiza" ni nyembamba. Ukipiga ukelele waziongeza irabu, ambazo tayari anazisikia, na konsonanti zabaki pale pale.

Mambo ya kufanya nyumbani

Faida ya elimu ni kuitumia, na mengi ya haya hayahitaji pesa.

Punguza kelele kabla ya kupandisha sauti. Zima televisheni, sogea mbali na jenereta, feni ikiwa inavuma ielekeze kwingine. Jenereta na feni ni kelele tulivu isiyo na mabonde, humfunika hata mwenye sikio zima. Umati wa watu nao hufanana na kelele tulivu, kwa sababu pengo la huyu hujazwa na neno la yule. Mtu mmoja anayezungumza pembeni huudhi kidogo kuliko watu kumi. Kwa hivyo barazani, mmoja aseme, wengine wangoje.

Mwite kwa jina kwanza, au mguse bega, ndipo useme. Kichwa kikijua ni sauti gani ya kufuata, huifuata kwa wepesi. Kaa mbele yake penye mwangaza, maana midomo husema konsonanti ambazo sikio halikuzipata. Mzee naye akae kiti kilicho karibu na ukuta, kelele ya barabara ikiwa nyuma yake. Asipofahamu neno, usilirudie lile lile mara tano, libadilishe. Asiyepata "saka" huenda akapata "tafuta".

Pili, apelekwe kupimwa. Huenda ni nta iliyoziba au maradhi ya usaha, na haya yana dawa. Asichokorwe kwa njiti wala kutiwa mafuta ya moto. Na mtu ambaye usikivu wake umeondoka kwa ghafla, kwa siku moja au mbili, asingoje wiki ijayo. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, mjue upimwaji wenyewe. Kipimo cha kawaida hufanywa ndani ya chumba kimya, kwa milio safi. Ni kipimo cha lazima, lakini hakielezi mtu ataishi vipi barazani. Vipo vipimo vya kusikia maneno ndani ya kelele, na mwenye malalamiko ya "nasikia lakini sifahamu" aulizie. Vifaa vya kusaidia kusikia nao si miwani. Miwani huvaliwa na mtu akaona siku hiyo hiyo. Kifaa cha sikio huongeza sauti, lakini hakiwezi kufufua seli zilizokufa, na kichwa huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Wengi huvaa siku mbili wakavitupa kabatini. Vyenye maikrofoni zinazoelekea mbele husaidia zaidi penye watu.

Hili si jambo dogo. Mzee asiyefahamu mazungumzo huanza kutikisa kichwa kwa adabu, kisha hukaa pembeni, kisha haji tena. Tume ya jarida la Lancet inayohusika na maradhi ya kusahau imeweka kupungua kwa usikivu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya maradhi hayo na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Yaani yule tuliyemsema "akili imeanza kumruka" huenda tulikuwa na nafasi ya kumsaidia, nasi tukamcheka.

Na vijana je?

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilisema watu milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa zaidi ya milioni 700. Umri ni sababu moja. Kelele ni nyingine, na hii tunajitakia wenyewe.

Kwa usikilizaji wa burudani, shirika hilo laweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hukatwa nusu. Ukifika desibeli 90 umebakiwa na saa kama 4 kwa wiki nzima. Kijana anayelala na spika za sikioni, utingo anayeshinda mlangoni mwa matatu yenye muziki wa kutikisa vioo, fundi wa kuchomelea vyuma asiyeziba masikio, hawa wote wanakula akiba isiyorudishwa.

Sheria tunazo. Kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele kazini haziruhusu mfanyakazi kuwekwa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kanuni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinakataza kelele za kupita kiasi mitaani, na mamlaka ya mazingira, NEMA, inazisimamia. Lakini linganisha: saa 8 kwa siku kazini, dhidi ya saa 4 kwa wiki ambazo Shirika la Afya limeziweka kwa anayesikiliza muziki kwa desibeli hizo hizo. Viwango hivi vimewekwa kwa makusudio tofauti, nakubali, lakini sikio ni lile lile, halijui kama lipo kazini au lipo starehe. Kwa maoni yangu kiwango chetu cha kazini kimekuwa kikubwa mno na chapaswa kuangaliwa upya, na mwajiri asiyetoa viziba masikio asiambiwe tu ajirekebishe.

Wenye kumbi za harusi na wapigaji spika nao wana sehemu yao. Kusogeza spika mbali na viti vya wazee na watoto hakuharibu shangwe ya mtu. Madrasa na shule zinazopakana na barabara zingewaweka watoto wasiosikia vizuri safu ya mbele, mbali na dirisha, kabla ya kuwaita wazembe.

Jaribu jambo moja wiki hii. Kabla hujamwambia mtu "husikii wewe", zima kile kinachovuma, sogea mbele ya uso wake, mwite jina lake, kisha sema pole pole kwa sauti ya kawaida. Ukijibiwa, utajua kosa halikuwa lake.